Nyasi Hazimalizi Kisu: Kinachokula Visu vya Mashine za Nyasi Nairobi

Mvua za masika zikishika Nairobi, kati ya Machi na Mei, nyasi hazingoji mtu. Uga uliokatwa Jumamosi hii unadai kukatwa tena Jumamosi ijayo, na kuanzia Buruburu mpaka Lavington mashine zinanguruma tangu asubuhi. Huo ndio msimu ambao lalamiko moja husikika lango kwa lango: kisu kimefungwa juzi, leo hakikati. Mwenye mashine hununua kingine, nacho kinaisha vilevile. Akirudi dukani anaambiwa kile cha kwanza kilikuwa feki, achukue cha bei ya juu. Akimwendea fundi anaambiwa hakikunolewa vizuri, kirudishwe kwenye grainda.

Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini yanaruka swali la kwanza: kisu hiki kimeliwa na nini? Chuma hakipotei hivi hivi. Kila kinachokila huacha alama, na alama hizo zinasomeka kwa macho, kisu kikiwa mkononi mchana kweupe. Nimechunguza visu vingi vilivyotupwa nyuma ya vibanda vya mafundi, na msimamo wangu ni huu: visu vingi vya Nairobi havimalizwi na nyasi. Vinamalizwa na udongo, na vinavyonusurika na udongo humalizwa na grainda.

Kazi yote iko nchani

Mashine ya kawaida ya kusukuma ina kisu kimoja kirefu kilichofungwa katikati kwa bolti, nacho huzunguka kikiwa kimelala chini ya bodi. Injini nyingi za aina hii hukizungusha mara 3,000 hivi kwa dakika. Kisu cha urefu wa sentimita 46 kikienda kasi hiyo, ncha yake hukimbia mita 72 kwa sekunde, yaani kama kilomita 260 kwa saa. Kata nyasi saa mbili tu, ncha hiyo imeshasafiri zaidi ya umbali wa kutoka Nairobi mpaka Mombasa, na njia nzima ilikuwa ikigonga kitu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi. Mtu anayesukuma mashine bila haraka huenda kama mita moja kwa sekunde. Katika sekunde hiyo kisu kimezunguka mara 50, na kwa kuwa kina makali kila upande, nyasi zimepitiwa mara 100. Gawanya, utapata kwamba kila makali yanapopita mbele hukuta nyasi mpya za upana wa sentimita moja tu. Na zinakutwa na ncha. Sehemu ya ndani, ile iliyo karibu na bolti, hupita mahali ambapo nyasi zimekwisha kukatwa. Ndiyo maana kisu kilichochoka ukikifungua utaona makali ya ndani bado yana rangi ya kiwandani, ilhali sentimita chache za mwisho zimeviringika na kung'aa. Anayekitazama katikati na kusema "hiki bado kizima" anatazama mahali pasipofanya kazi.

Nyuma ya makali, kila upande, chuma kimepindwa juu kikatokea bawa. Bawa hilo huvuta hewa kwenda juu, nyasi zilizolala zikasimama kabla ya kukatwa, na zilizokatwa zikarushwa kwenye mfuko. Lakini upepo hauchagui. Ukiwepo mchanga na vumbi, navyo huvutwa, huzungushwa ndani ya bodi na kupigwa kwenye chuma kwa kasi ileile. Kisu kinachofanya kazi penye mchanga hakigusani na mchanga mara moja tu kinapopita. Kinaoga ndani yake muda wote mashine inapowaka.

Mchanga ni mgumu kuliko chuma

Nyasi zenyewe zinakula chuma, hilo lisikataliwe. Jamii yote ya nyasi hunyonya silika kutoka udongoni na kuihifadhi kwenye majani kama chembe ndogo ngumu, na ndizo zinazofanya jani la nyasi likukate kidole. Lakini ulaji huo ni wa polepole. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kunoa kisu baada ya saa 20 hadi 25 za kazi, na kwenye uga safi kisu kizuri hufika huko bila shida. Kisu kinapokuwa butu baada ya saa tatu au nne, usizilaumu nyasi.

Wanajiolojia wana kipimo cha ugumu wa madini kiitwacho Mohs, ambacho kilele chake ni almasi yenye 10. Kanuni yake ni nyepesi: kilicho juu hukwaruza kilicho chini. Chuma cha kisu cha kawaida huwekwa karibu na 5.5. Feldispa, madini yaliyojaa kwenye mawe ya volkano ambayo Nairobi imekaa juu yake, ina 6. Kwatzi, zile punje zinazometa kwenye mchanga wa mtoni, ina 7. Kwa hiyo kila punje ya mchanga inayogusa ncha ya kisu ni ngumu kuliko kisu chenyewe, na kwa kilomita 260 kwa saa haitelezi kirahisi. Inachonga. Chuma kinatoka kwa vijichembe visivyoonekana, makali yanakuwa duara, na kisu kinabaki na mng'ao laini unaowadanganya watu kuwa ni usafi.

Sasa tujiulize mchanga huo unafikaje kwenye uga wa mtu. Mchanga wa ujenzi wa Nairobi huja kwa malori kutoka mito ya Machakos, Makueni na Kajiado, na kwatzi imejaa humo. Nyumba inapojengwa, mchanga humwagwa hapohapo ambapo baadaye patakuwa bustani. Ujenzi ukiisha, kilichobaki husambazwa kwa sepetu: mchanga, kokoto, vipande vya mawe, misumari, waya za kufungia nondo. Juu yake hutandazwa udongo mwekundu wa lori moja, nyasi zinapandwa, na ndani ya miezi mitatu uga ni wa kijani na kila mtu anasahau. Kisu hakisahau. Mvua mbili tatu zikipiga, udongo ule mwembamba unashuka, na kokoto zinachungulia kati ya mizizi.

Upande wa Embakasi, na kuendelea hadi Syokimau na Kitengela, hali ina lake. Kule ardhi ni udongo mweusi wa pamba, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Mfinyanzi wenyewe ni laini na si adui mkubwa wa chuma. Tatizo ni mambo mawili. Kwanza, wajenzi huuchimba na kuuondoa, kisha hujaza mawe na maramu, na maramu imejaa vidonge vigumu vya madini ya chuma. Uga wa juu ya maramu una udongo wa kina cha vidole vichache tu. Pili, panapoachwa udongo mweusi, ardhi haikai tambarare. Inapanda na kushuka kila msimu. Gurudumu moja likiingia kwenye shimo, upande mmoja wa mashine unainama, na ncha inazama kwenye kilima kilicho mbele. Mwenye mashine anasikia mngurumo umebadilika kwa sekunde moja, anaona vumbi jeusi, anaendelea. Kwa sekunde ile moja ncha zimepita udongoni mara 100.

Huko Karen na upande wa Ngong, penye udongo mwekundu mzito, fuko ndiye msumbufu. Anasukuma udongo juu usiku, na asubuhi kuna vilima vibichi katikati ya uga mzuri. Nyasi aina ya kikuyu zikiwa ndefu, vilima hivyo havionekani mpaka kisu kimevipasua. Dakika tano za kutembea na reki kuvisambaza kabla ya kuwasha mashine zinaokoa kisu kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Tena kuna mtindo uliotoka viwanja vya gofu, wa kumwaga mchanga juu ya nyasi ili kusawazisha uga. Kwenye gofu una maana yake, kwa sababu wale wana mashine nyingine kabisa na mafundi wanaojua kwamba mchanga utakula makali, nao wamejipanga kunoa kila mara. Nyumbani South C, kumwaga mchanga wa mtoni Ijumaa na kukata nyasi Jumamosi ni kukitupa kisu. Mchanga ukiwekwa, umwagiliwe maji mengi, ufagiliwe uzame kwenye mizizi, na nyasi ziachwe zipande juu yake kwanza.

Januari na Februari mvua ikiwa imekata, vumbi la barabara hukaa juu ya majani yenyewe. Uga ulio kando ya barabara ya maramu hukatwa ukiwa umepakwa unga wa mawe. Hapo mtu asikate nyasi zikiwa kavu kabisa na vumbi limetulia juu. Aziloweshe jioni, maji yashushe vumbi, kesho yake umande ukikauka ndipo akate.

Amri ya kukata kipara

Yote hayo yanaongezewa na jambo moja ambalo halihusu udongo wala chuma: urefu wa kukata. Nyasi nyingi za nyumba za Nairobi ni kikuyu, na kikuyu hutambaa. Shina lake hulala juu ya ardhi, hutoa mizizi kila pingili, na majani hutoka juu yake. Ukikata kwa sentimita 4 au 5 unakata majani. Ukishusha magurudumu mpaka chini kabisa, unakata mashina magumu, na kisu kinakuwa kimekaribia udongo kiasi kwamba kilima kidogo tu kinatosha kugusana nao. Kisha uga unabaki na mabaka ya hudhurungi yaliyo wazi. Mvua ikipiga mabaka hayo, matone yanarusha udongo juu ya majani ya jirani, na safari ijayo kisu kinakuta mchanga hata pale ambapo hakikugusa ardhi. Uga unaokatwa kipara hujitengenezea mchanga wake.

Kila mtu anayejua mashine anajua hili, lakini mazungumzo langoni huenda hivi:

"Mama, nikishusha hivyo kisu kitachimba udongo."

"Na ukiacha juu hivyo wiki ijayo utarudi unidai tena. Kata chini ikae."

Namwelewa mama huyo. Analipa kwa kila kukata, na kwake nyasi fupi ni pesa iliyodumu. Lakini kisu si chake. Ni cha kijana aliyebeba mashine kwa mkokoteni kutoka mtaa mwingine, ambaye malipo ya siku yanatoka kwenye kisu hicho, petroli hiyo na mgongo wake. Anayeamua urefu halipii kisu, na anayelipia kisu haamui urefu. Mpaka pande hizi mbili zizungumze, hakuna chuma kitakachomaliza tatizo. Na hata huyo mama hapati faida anayoidhania, kwa kuwa kikuyu iliyokatwa kipara hujaribu kurudisha majani upesi mvua ikiwapo, na penye mabaka magugu huingia kabla ya nyasi. Kanuni inayofaa pande zote ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zikiwa zimeachwa mpaka magotini, zikatwe mara mbili: kwanza magurudumu yakiwa juu kabisa, kisha baada ya siku chache kwa urefu unaotakiwa.

Grainda na rangi ya bluu

Kisu kikishakuwa butu kinapelekwa kunolewa, na hapa ndipo visu vizuri huharibiwa kwa nia njema.

Kisu cha kiwandani kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa moto wa chini na kwa kipimo. Huo moto wa pili ndio uliokipa tabia yake: kigumu cha kutosha kushika makali, lakini si kigumu hata kivunjike. Grainda ya mkononi ikikandamizwa mahali pamoja huleta moto wa tatu usio na kipimo. Chukua kisu kilichotoka kunolewa ukigeuzegeuze kwenye jua. Ukiona nyuma ya makali kuna utepe wa rangi, manjano ya majani makavu ukiingia zambarau na kisha bluu, unasoma joto. Manjano ile hutokea chuma kikifika kama nyuzi 220, bluu kama nyuzi 300. Na kama nyuma, penye chuma kinene, pamefika bluu, basi makali yenyewe ambayo ni membamba yamepita hapo kwa mbali, na mara nyingi utayakuta yamekuwa ya kijivu. Chuma hicho kimelainika. Kitakata vizuri sana siku ya kwanza, kwa sababu ni kipya na kina ukali. Siku ya pili makali yamejikunja. Mwenye mashine anakirudisha, kinapata moto mwingine, na kila safari kinaisha mapema kuliko iliyotangulia.

Wapo wanaojua kwamba moto ni mbaya, na dawa yao ni kukizamisha kisu kwenye ndoo ya maji kikiwa tayari chekundu. Hiyo ni hatari zaidi. Chuma cha aina hii kikitoka wekundu kikaingia majini huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Kikigonga jiwe kinameguka, na kipande kinachomeguka kinaruka kwa kasi tuliyoitaja. Ndoo ya maji ni nzuri, ila kazi yake ni kupoza chuma kabla hakijabadilika rangi. Grainda iguse sekunde mbili tatu, iondoke, kisu kichovywe, kirudi. Fundi anayeweza kukishika kisu kwa mikono mitupu muda wote anaponoa hajakiharibu.

Mimi naipendelea tupa. Kisu kikibanwa vizuri kwenye jiliwa, tupa ya bapa hurudisha makali kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, na haiwezi kukiunguza hata ukitaka. Kinoe kisu upande wa juu tu, ule wenye bawa, ukifuata mteremko wa kiwandani ambao kwa kawaida ni kama nyuzi 30. Upande wa chini usiguswe zaidi ya kuondoa vinywele vya chuma vilivyojikunja.

Usitafute ukali wa wembe. Hapa watu wengi hushangaa, lakini makali yakichongwa membamba mno hayana chuma cha kuyashikilia nyuma yake, na punje ya kwanza ya mchanga inayakunja. Makali yanayodumu ni yale ukiyapitishia kidole hayakukati, kama kisu cha kupaka siagi. Kasi ndiyo inayokata nyasi. Makali yanaisaidia tu.

Baada ya kunoa, ning'iniza kisu kwenye msumari uliopigwa ukutani, kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito, upunguze chuma kidogo. Kisu kisicho na uwiano hutikisa mashine nzima, na mtikisiko huo huenda moja kwa moja kwenye beringi na sili ya injini, vitu ambavyo bei yake haifanani na ya kisu.

Feki ipo, lakini ipimwe

Sasa turudi kwa muuza duka, kwa sababu naye hakudanganya moja kwa moja. Sokoni kuna visu vilivyokatwa kutoka bamba la chuma laini, vikapakwa rangi nyeusi vikafanana na vya kweli. Kuna pia vinavyotengenezwa na mafundi wa jua kali kutoka springi za magari. Chuma cha springi ni chuma kizuri sana, na fundi anayejua moto anaweza kukitoa kisu cha maana humo. Shida huja springi inaponyooshwa kwa moto wa gesi kisha ikaachwa ipoe yenyewe, maana ugumu wake unakwenda na moto huo.

Tupa hiyohiyo ndiyo kipimo. Ipitishe mara moja kwenye ukingo wa kisu kipya, karibu na ncha. Ikizama na kutoa unga kirahisi kama inavyofanya kwenye msumari wa kawaida, chuma hicho ni laini, hakitamaliza wiki. Ikiuma kwa shida, ukasikia inakwaruza na mkono unasukuma kweli, hicho ni kisu. Na ikiteleza juu kabisa bila kuuma, usikifunge: ni kigumu mno, kitavunjika.

Hilo la mwisho linajibu swali ninaloulizwa mara nyingi, kwa nini watengenezaji wasitumie chuma kigumu kuliko mchanga na mambo yaishe. Ugumu na kuvunjika huenda pamoja. Kisu cha mashine ya nyasi kinakusudiwa kipinde kikigonga jiwe au kisiki, kisipasuke, kwa sababu nyuma ya mashine kuna miguu ya mtu na mara nyingi kuna watoto wanaocheza karibu. Kwa hiyo huachwa laini kiasi, na bei ya usalama huo ni kwamba mchanga utakishinda daima. Ukiwa na uga wa mchanga usio na dawa, tafuta kisu chenye bawa fupi. Kinainua vumbi kidogo, na kinadumu zaidi, ingawa mfuko hautajaa vizuri.

Mwinuko, kutu, na kisu kilichofungwa kinyume

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Karen juu zaidi. Injini ndogo za mashine za nyasi hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mashine ambayo Mombasa ingekata bila kulalamika, hapa imepungukiwa na karibu sehemu moja kwa sita. Ikikutana na kikuyu ndefu yenye maji, mzunguko unashuka. Na mzunguko ukishuka kwa sehemu moja kwa tano, nguvu ya pigo la ncha hupungua kwa zaidi ya theluthi. Nyasi zinachapwa zinalala, mtu anarudia mstari uleule mara tatu, na kisu kinakula vumbi mara tatu kwa kazi ya mara moja. Kabla ya kukihukumu kisu, safisha kichungi cha hewa na uitazame plagi. Ikiwa nyeusi ya masizi, kabureta inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo, na fundi anaweza kuirekebisha.

Kutu ni jambo fupi. Majani mabichi yakiachwa yameganda chini ya bodi usiku kucha huweka unyevu juu ya chuma, na makali ndiyo membamba, kwa hiyo ndiyo yanayotangulia kuliwa. Kwangua, kausha, paka mafuta machache.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha kisu hakikufungwa juu chini. Hutokea mno. Bawa lazima litazame juu, ndani ya mashine. Kikifungwa kinyume hakitakata hata kiwe kipya, na mtu atakinoa mpaka kiishe bila kujua kosa liko wapi.

Kukisoma na kukitupa

Zima mashine, iache ipoe, toa waya kwenye plagi kabla mkono haujaenda chini. Waya huo usidharauliwe: kisu kikizungushwa kwa mkono injini inaweza kushika. Ilaze mashine kabureta na kichungi vikiwa juu ili oili isiingie humo.

Ncha zikiwa duara na zinang'aa pande zote mbili kwa usawa, ni udongo na mchanga: pandisha magurudumu, sawazisha ardhi. Mapengo na meno yaliyomeguka ni mawe na misumari, na dawa yake ni kuokota kabla ya kukata. Sumaku kuukuu ya spika iliyofungwa kwenye kamba na kuburutwa juu ya uga mpya hutoa misumari ambayo jicho halikuiona. Makali yaliyojikunja upande mmoja ni chuma laini, ama kilinunuliwa hivyo ama kimelainishwa na grainda. Mashimo madogo ya hudhurungi ni kutu.

Kwa mwenye uga, ombi langu ni moja: kubali sentimita 4, na panga bei ya mwezi na anayekata badala ya bei ya kila safari. Hapo haja ya kipara inaondoka, kijana anakuja mara kwa mara kukata kidogo, na kisu kimoja kinavuka msimu.

Halafu geuza kisu utazame mahali ambapo bamba linaanza kupinda kuwa bawa. Mchanga unaozunguka ndani ya bodi huchimba hapo mfereji, ukiendelea huwa tundu, na siku moja bawa hukatika likaruka. Ukiona mfereji unaozama kucha, au ufa kwenye tundu la bolti, au kisu kimepinda, hicho kimefika mwisho hata kama makali bado ni mazuri. Kisichomelewe, kisinyooshwe kwa nyundo. Kikate vipande viwili kwa msumeno wa chuma kabla ya kukipeleka kwa wa skrepu, kisije kikafungwa kwenye mashine ya mtu mwingine.